Mpishi Aliyetema Maharage Yake Mwenyewe

Ni alfajiri, na kengele ya kuamka bado haijalia. Mpishi mkuu wa shule ya bweni amesimama kando ya jiko akiwa amekumbatia kikombe cha bati kwa mikono miwili. Ndani ya kikombe mna maji ya moto matupu. Hanywi. Anasubiri vidole vyake vifunguke.

"Mikono yangu haiamki pamoja na mimi," anasema. "Mimi naamka, yenyewe inabaki imelala. Lazima niibembeleze kama watoto wa chekechea."

Vidole vinafunguka kimoja kimoja, kidole gumba kikiwa cha mwisho kama kawaida yake. Ndipo anapochukua mwiko, ambao umewazidi urefu baadhi ya wanafunzi wa kidato cha kwanza, na kuanza kuukoroga uji wa watu mia saba.

Wanafunzi humwita Jenerali. Hakuna anayekumbuka nani alianzisha jina hilo, lakini kila anayemwona akivuka uwanja na aproni yake nyeupe, mgongo umenyooka na mwiko uko begani, hulikubali bila mjadala. Kitu ambacho wanafunzi hawakukijua kwa muda mrefu ni kwamba mgongo ule ulinyooka kwa sababu kuukunja kulikuwa kunauma.

Jenerali anaishi na fibromialjia. Ni ugonjwa wa maumivu yanayosambaa mwili mzima, uchovu usioisha na usingizi usioshibisha. Hauonekani kwenye kipimo cha damu wala kwenye picha ya mifupa. Huja pia na ukungu kichwani, ambao kwa mpishi ni hatari kuliko moto.

"Siku nyingine najikuta stoo nimeshika bakuli, najiuliza nimefuata nini," anasema. "Kumbe nimefuata chumvi. Mpishi anasahau chumvi, hebu fikiria mwenyewe."

Msaidizi wake anasogea kuchukua sufuria kubwa. Ni mwanamume wa makamo, baba wa watoto wanne, anayeitwa Kitunguu kwa sababu hulia kabla hata hajaanza kumenya.

"Dada, hiyo iache, nitaiteremsha mimi."

"Jana ulisema hivyo hivyo, ukamwaga nusu."

"Jana sakafu ilikuwa na maji, dada."

"Na maji yalimwagwa na nani?"

Kitunguu anaiteremsha sufuria kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai la mkuu wa shule.

Maumivu yalianza miaka kadhaa iliyopita, mabegani. Jenerali aliyalaumu magunia. Yakashuka kiunoni, akalaumu godoro. Yalipofika kwenye nyayo hakubakiwa na cha kulaumu, akaenda hospitali. Akapimwa damu, mkojo, mifupa na moyo. Kila kipimo kilirudi safi.

"Wifi yangu akasema, basi huumwi. Nikamwambia, sawa, leta mgongo wako tubadilishane hadi Jumamosi."

Mume wake ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alianza tu kumfungulia chupa na kumkamulia nguo bila kuombwa.

"Baiskeli ikiwa na kasoro unaipindua, unaizungusha gurudumu, unaona tatizo liko wapi," anasema fundi huyo, akifuta mikono kwa tambara. "Mke huwezi kumpindua. Nilibaki namwangalia tu."

Ni daktari wa hospitali ya mjini ambaye hatimaye aliupa ugonjwa jina. Alimpa dawa za kutuliza maumivu na kumsaidia kulala, akamwambia atembee kidogo kila siku hata kama hataki, kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza mpishi huyo: wewe mwenyewe unakula nini?

Mtu anayelisha shule nzima hana mlo. Ana vionjo. Kipande cha mkate hapa, kijiko cha mchuzi pale, ukoko wa wali, chai ya sukari nyingi kila miguu inapoanza kugoma.

"Jioni ukiniuliza, naapa sijala. Lakini tumbo limejaa kama ngoma," anasema. Tumbo nalo lilikuwa likimsumbua, kama inavyowatokea wengi wenye ugonjwa huo.

Daktari wake anachagua maneno kwa tahadhari. "Nilimweleza ukweli kwamba hakuna chakula kinachoponya fibromialjia, na mtu akikuuzia hicho chakula, shika mkoba wako. Lakini wapo wagonjwa wanaopata nafuu wakila kwa saa maalumu, wakipunguza sukari na vyakula vya viwandani, wakiongeza mboga, matunda na samaki. Na wapo ambao chakula fulani huwazidishia. Njia ya kujua ni kuviondoa vile unavyovishuku kwa wiki kadhaa, halafu unavirudisha kimoja kimoja huku ukijisikiliza."

Jenerali aliondoa chai ya sukari. Aliondoa mkate mweupe, unga wa mchuzi wa pakiti na, kwa sababu ya tumbo, maharage. Akaanza kupika chakula chake kwenye sufuria ndogo yenye mfuniko: mboga, samaki na viazi. Akala saa zile zile kila siku kama mtu mwenye heshima zake.

Mpango ulikuwa mzuri, isipokuwa ulisahau jambo moja. Ulisahau sahani ya kwanza.

Hapo shuleni kuna sheria ya zamani kuliko walimu wengi. Inasemekana kwamba kabla Jenerali hajaajiriwa, shule nzima iliwahi kuharisha kwa pamoja, na vyoo vilikuwa vinne. Kwa kuwaheshimu wahusika, historia haielezi zaidi. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi anayekaa mezani hadi mpishi mkuu aonje chakula hadharani.

Hufanyika hivi. Wanafunzi mia saba husimama nyuma ya mabenchi yao kwa ukimya ambao hata misa haiupati. Mpishi mkuu hutoka jikoni na sahani, husimama mbele ya bwalo la kulia chakula, hula vijiko vitatu na kutikisa kichwa kwa kukubali. Hapo mabenchi yote huvutwa kwa mpigo, na kishindo chake husikika hadi kwenye nyumba za majirani, ambao hujua kwa sauti hiyo kwamba saa saba imefika.

Na siku nyingi za juma, sahani hiyo ni ya maharage yaliyoungwa kwa unga wa pakiti.

"Kila nikifikisha siku mbili tatu za utulivu, inakuja sahani," anasema Jenerali. "Daktari ananiuliza, je, bila maharage unajisikiaje? Nitajuaje, daktari, wakati nakula maharage mbele ya watu mia saba?"

Kusema ukweli kwa mkuu wa shule hakukuwa jambo jepesi. Jenerali alikuwa na mfano hai.

"Palikuwa na mama wa dobi hapa. Alisema mgongo unamuuma, akaambiwa apumzike. Mpaka leo anapumzika."

Akiwa na binti chuoni na mume ambaye kazi yake hutegemea matairi ya wengine kupasuka, Jenerali hakuwa tayari kupumzishwa. Akaamua kuigiza. Alikuwa akitia kijiko mdomoni, anatafuna, anageuka kidogo kuelekea jikoni na kuyatema maharage kwenye kitambaa cha kufutia mikono, na baada ya kijiko cha tatu anatikisa kichwa kwa uzito wote wa cheo chake.

Mchezo huo ulikwenda vizuri hadi kiranja wa bwalo alipopata miwani.

Kiranja huyo ni msichana wa kidato cha tatu, mkweli kupita kiasi. Miwani ilikuwa mipya kabisa, na mwenyewe alikuwa bado anaona raha kuyahesabu majani ya mti kutoka dirishani. Mchana huo aliona kitu kingine.

"Nilimwona Jenerali anatema," anasema. "Nilimnong'oneza mwenzangu mmoja tu."

Huyo mmoja naye alimwambia mmoja tu. Katika meza za mbele habari ilikuwa kwamba mpishi ametema chakula. Meza za kati walisikia kuna panya ndani. Wale wa nyuma, ambao habari huwafikia zikiwa zimeiva zaidi, waliambiwa ni sumu ya panya, na kwamba mwalimu wa zamu ameshazimia. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama mlangoni anakula ndizi.

Jenerali alitikisa kichwa. Hakuna benchi lililovutwa.

"Nilingoja ule mlio," anasema, na sauti yake inashuka. "Miaka yote nimeuzoea. Siku hiyo nikasikia nzi tu."

Wanafunzi walitoka bwaloni na njaa yao, kwa mistari iliyonyooka. Maharage ya watu mia saba yakabaki yanapoa. Kitunguu alilia, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na kitunguu karibu.

Jioni ile Jenerali aliitwa ofisini. Mkuu wa shule ni mtu mzima mwenye tai, anayependa mambo yaishe kabla hayajaanza.

"Mama, chakula kina nini?"

"Hakina kitu, mwalimu."

"Ulitema?"

"Nilikosea kumeza."

"Basi kesho utakula mbele yao, umalize sahani. Ukishindwa, itabidi nitafute mpishi ambaye wanafunzi wanamwamini. Sina njia nyingine, mama."

Kesho yake Jenerali alisimama mahali pake. Hakula vijiko vitatu. Alikula sahani nzima, polepole, huku kiranja akisogea hatua kwa hatua na miwani yake kama mkaguzi wa serikali. Alipomaliza, ili asiache shaka yoyote, akaomba chai, akaweka sukari nyingi mbele ya macho ya wote, akainywa hadi tone la mwisho. Mabenchi yakavutwa. Shule ikala hadi ikakwangua sufuria.

Asubuhi iliyofuata hakuweza kuinua mikono kufikia kichwa chake mwenyewe. Mume wake ndiye aliyemfunga kilemba, vibaya, kwa fundo analofungia mizigo kwenye baiskeli. Alilala kitandani siku kadhaa, shuka likimuuma kwa kumgusa tu.

"Nilimwambia, mama watoto, acha hiyo kazi," anasema mume wake. "Akaniuliza, niache nikafanye nini, nikuzibie pancha? Nikaona ana hoja, maana hata mimi pancha ziko chache."

Je, ni ile sahani iliyomwangusha? Daktari hakubali kuihukumu bila ushahidi. "Alikuwa na hofu, alikuwa hajalala, alisimama muda mrefu. Vyote hivyo huamsha maumivu. Inawezekana chakula kilichangia, inawezekana hakikuchangia. Ndiyo maana nilitaka tupime kwa utaratibu."

Shuleni, wakati huo, Kitunguu alikuwa amekabidhiwa jiko. Wali wake uligawiwa kwa kisu.

Jenerali aliporudi hakwenda jikoni. Alikwenda moja kwa moja ofisini na kukaa kwenye kiti kabla hajakaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimweleza mkuu yote: mikono ya alfajiri, vipimo visivyoona kitu, sufuria ndogo, kitambaa.

"Mbona hukuniambia mapema, mama?"

"Ningekuambia, ungeniambia nikapumzike, kama mama wa dobi."

Mkuu alirekebisha tai yake ambayo haikuwa imepinda. Mwishowe akasema suala la kazi yake litakwenda kwenye bodi ya shule mwisho wa muhula, na hadi hapo aendelee, lakini wanafunzi lazima waelezwe kitu. Jenerali akasema atawaeleza mwenyewe.

Mchana huo alisimama bwaloni na sahani mkononi. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko sala ya chakula.

"Wanangu, chakula chenu hakina sumu. Mimi ndiye mgonjwa. Mwili wangu unauma kila mahali na sijui ni chakula gani kinauchokoza, kwa hiyo natafuta. Nilitema kwa sababu hiyo, na niliwaficha kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Hayo tu."

Kisha mvulana wa meza za nyuma, ambaye tumbo lake huwa halina subira, akauliza, "Sasa mama, nani ataonja?"

Swali hilo Jenerali hakuwa amelifikiria. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kitandani, na sahani ilikuwa inazidi kuwa nzito. Aliyekuwa amesimama karibu naye ni mkuu wa shule. Akampa.

"Watu wanasema nilipanga," anasema. "Sikupanga chochote. Nilichoka kuishika."

Mkuu aliitazama sahani, akawatazama wanafunzi mia saba, akaelewa kwamba hakuna kikao kitakachomwokoa. Akala vijiko vitatu na kutikisa kichwa. Mabenchi yalivutwa kwa kishindo ambacho mashuhuda wanasema hakijawahi kusikika tena.

Tangu siku hiyo sahani ya kwanza ni ya mkuu wa shule. Siku ya pili aliuma jiwe. Mawe ya kwenye maharage, ambayo wanafunzi walikuwa wakiyaripoti kwa miaka bila mafanikio, yakaonekana rasmi na uongozi, na juma lililofuata ikanunuliwa meza ya kuchambulia. Wanafunzi wanaochelewa gwaride hupelekwa kwenye meza hiyo. Maharage hayajawahi kuwa safi namna hii.

Zilibaki tetesi za sufuria ndogo. Baadhi ya wanafunzi walishikilia kwamba Jenerali anajipikia vinono huku wao wakila cha wengi. Siku moja sufuria hiyo ikatoweka kutoka dirishani mwa jiko. Ilirudi kabla ya vipindi vya mchana, mfuniko umefungwa vizuri, ikiwa na kila kitu isipokuwa tonge moja. Samaki wa kuchemshwa na kabichi bila kiungo chochote walikuwa wamejitetea wenyewe. Tetesi zikafa.

Kwa sasa Jenerali anasema chai ya sukari na unga wa pakiti hatavirudisha. Bila hivyo, na kwa kula kwa saa maalumu, usingizi wake umekuwa mrefu kidogo na ukungu unachelewa kuingia. Mkate ameurudisha bila tatizo, jambo lililomfurahisha fundi baiskeli, ambaye alikuwa akila wa kwake kwa kujificha nyuma ya nyumba. Maumivu bado yapo.

"Hayajaondoka, na sitaki mtu aandike kwamba yameondoka," anasema kwa mkazo. "Yamepunguza kelele. Zamani nilikuwa nikilala nimechoka, naamka nimechoka, na uchovu wenyewe ndio ulioamka umepumzika. Sasa hivi angalau tunaamka sawasawa."

Sufuria nzito zimekuwa za Kitunguu. Jenerali amepata kigoda pembeni mwa jiko, na anaamuru kutoka hapo. Kuna siku hafiki kabisa, na wali wa kisu hurudi mezani. Bodi inakutana mwisho wa muhula. Mkuu wa shule anasema atamtetea, na sababu zake hazifichi.

"Mimi ndiye ninayekula kwanza siku hizi," anasema, akigusa shavu upande wa jino lililouma jiwe. "Siwezi kukubali jiko lipewe mtu yeyote tu."

Jenerali mwenyewe haombi kupona. Anataka kupika hadi binti yake amalize chuo, na kumfundisha Kitunguu wali. Halafu ana ombi moja dogo zaidi. Katika vyakula alivyoviondoa, kimebaki kimoja ambacho hajakijaribu upya.

"Nimeyaacha ya mwisho kwa makusudi," anasema. "Maharage yangu nayapenda. Nimeyapika maisha yangu yote. Nikigundua ndiyo yanayonichokoza, nitakaa nilie kuliko huyu."

"Mimi sijalia leo, dada," anasema Kitunguu, akifuta macho.

Saa saba inafika. Mkuu wa shule anatoka na sahani, anakula vijiko vitatu, anatikisa kichwa, na mlio wa mabenchi unapita ukutani hadi jikoni. Zamani mlio huo ulimkuta Jenerali amesimama. Leo unamkuta kwenye kigoda, na bakuli dogo mapajani.

Ndani yake mna maharage yasiyotiwa unga wa pakiti, ya kutosha vijiko vitatu. Anakula cha kwanza, cha pili, cha tatu. Anatafuna taratibu na kumeza vyote. Hakuna kiranja wala miwani, hakuna anayesubiri atikise kichwa, naye hatikisi.

Ataendelea hivyo siku chache, kama daktari alivyoelekeza. Jibu la kwanza anatarajia kulipata kesho alfajiri, atakapokumbatia kile kikombe cha bati na kusubiri kidole gumba.